Riba hufuata pesa: kisa cha nyumba ya Kiamunyi iliyokosekana

Mwalimu aliweka karatasi mbili mezani kwangu, akazinyoosha kwa kiganja, kisha akasema, "Mzee, nyumba hatukupata. Sasa hii riba ya laki tano ni ya kitu gani?" Mkewe, ambaye ni nesi, alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakutaka kuketi. Alisema akikaa atalala. Ilikuwa mwanzo wa Februari 2025, na karatasi zile zilikuwa taarifa ya akaunti yao ya mkopo wa nyumba. Mstari wa mwisho ulisema wanadaiwa shilingi 370,932 kwa nyumba ambayo hawakuwahi kushika ufunguo wake.

Mimi ni karani wa wakili hapa Nakuru. Si wakili. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupeleka hati ofisi ya ardhi, kusoma mafaili na kuhesabu siku. Wanandoa hawa wameniruhusu nieleze kisa chao bila kuwataja, na benki, mawakili na muuzaji nitawaacha bila majina. Ninakieleza kwa sababu swali la Mwalimu huulizwa sana, na jibu linalotolewa mara nyingi si sahihi. Wengine husema, "Hukupata nyumba, basi hudaiwi." Wengine, hasa walio ndani ya benki, husema, "Ulitia sahihi, basi lipa yote." Kisa hiki kinakataa majibu yote mawili.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kiamunyi, upande wa barabara ya kwenda Kabarak: vyumba vitatu vya kulala, tangi la maji juu, ua wa michongoma mbele. Bei ilikuwa 6,500,000. Benki ilikubali kukopesha asilimia 80, yaani 5,200,000, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka na muda wa miaka 15, hivyo malipo ya kila mwezi yakawa karibu 72,800. Ada ya kushughulikia mkopo, asilimia moja, 52,000, ililipwa mwanzoni, na barua ya ofa ilisema wazi kwamba hairudishwi. Mthamini alilipwa 28,000. Arbuni ya asilimia 10, shilingi 650,000, Mwalimu aliitoa kwenye mkopo wa sacco ya walimu, akaikabidhi wakili wa muuzaji aishike kama amana ya pande zote mbili hadi mauzo yakamilike. Makubaliano yalitiwa sahihi Aprili 2024. Yaliandikwa, kila upande ukatia sahihi na mashahidi wakawepo, kama Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inavyotaka kwa mauzo ya ardhi. Kwa umbo lake hayakuwa na kasoro.

Kabla sijafika palipoharibika, nieleze mambo yanavyokwenda kwa kawaida, kwa sababu hapo ndipo Mwalimu alipojengea imani yake. Mnunuzi wa mkopo halipiwi pesa siku ya kutia sahihi. Benki yake, au wakili wa benki hiyo, humwandikia wakili wa muuzaji ahadi: uhamisho wa hati ukisajiliwa kwa jina la mnunuzi, na rehani ya benki ikasajiliwa juu yake, salio la bei litalipwa ndani ya siku kadhaa, mara nyingi 14. Ahadi hiyo si barua ya heshima tu. Wakili akiivunja, Mahakama Kuu inaweza kumshurutisha yeye mwenyewe aitimize. Kwa hiyo muuzaji hukubali kuachilia hati yake kabla ya kuona pesa. Na kwa kuwa pesa hazijatoka, riba haijaanza. Mauzo yakivunjika katika hatua hiyo, mnunuzi hupoteza ada na muda, lakini riba ya mkopo hana. Mwenzake Mwalimu shuleni alipitia hayo hayo, ununuzi wake ukavunjika, na hakudaiwa riba hata senti. Mwalimu akadhani ndivyo ilivyo kwa wote.

Tofauti ilikuwa hii: muuzaji wa Kiamunyi mwenyewe alikuwa na mkopo juu ya nyumba ile. Hati yake ilikuwa kabatini mwa benki nyingine, na deni lililobaki lilikuwa 2,400,000. Kwa kawaida uhamisho hausajiliwi hadi rehani ya kwanza iondolewe, na rehani haiondolewi hadi deni lilipwe. Muuzaji hakuwa na pesa za kulipa. Ndipo mawakili wakakubaliana kwamba benki ya wanunuzi itoe 2,400,000 mapema, ikalipe deni la muuzaji moja kwa moja, na benki ya muuzaji iachilie hati pamoja na hati ya kuondoa rehani mikononi mwa wakili wa benki ya wanunuzi. Mwalimu na mkewe walitia sahihi barua ya kuruhusu jambo hilo. Aya moja, mistari sita. Mwalimu anakumbuka aliambiwa ni "ya kuharakisha". Pesa zilitoka wiki ya kwanza ya Juni 2024.

Wakati muuzaji ana deni lake, utaratibu huo ni wa kawaida na hauna ubaya ndani yake. Lakini siku pesa zile zilipotoka, hali ya wanunuzi ilibadilika kabisa, na hakuna aliyewaketisha chini kuwaambia. Tangu siku hiyo walikuwa wakilipia 2,400,000 kwa asilimia 15: shilingi 360,000 kwa mwaka, 30,000 kila mwezi, nyumba iwe yao au isiwe.

Hati zilifika kwa wakili wa benki katikati ya Julai. Tarehe ya kukamilisha mauzo ikasogezwa mwezi mmoja. Katikati ya Agosti, kabla ya kupeleka uhamisho usajiliwe, wakili wa benki alirudia utafutaji rasmi katika ofisi ya ardhi, akakuta zuio jipya, lile ambalo watu wa ofisi ile huliita kosheni. Aliyeliweka alikuwa mke wa muuzaji.

Katika makubaliano, muuzaji alijieleza kuwa hana mke. Ukweli ni kwamba walikuwa wametengana bila talaka, na mama huyo aliwahi kuishi katika nyumba ile na watoto. Alipopata habari kwamba inauzwa, akaenda ofisi ya ardhi. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, kifungu cha 12, inakataza mali ya ndoa ya mke mmoja kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili ndoa ikiwa bado ipo. Sheria ya Ardhi ya 2012 nayo, kifungu cha 79, inadai idhini ya mwenzi kabla ya rehani juu ya nyumba ya ndoa kuwa halali. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu Mwalimu, kwa uchungu wake, alianza kumlaumu mama yule. Mama hakumkosea mtu. Aliyekosea ni aliyeandika kwamba hana mke.

Septemba ilipita kwa ahadi. Muuzaji alituma ujumbe mmoja baada ya mwingine: anazungumza na mkewe, wazee wamekaa, wiki ijayo zuio litaondolewa. Katikati ya Oktoba wakili wa wanunuzi alitoa notisi ya siku 21 ya kumtaka akamilishe mauzo. Mapema Novemba siku zikaisha, mkataba ukavunjwa rasmi. Arbuni ilirudi Desemba bila ugomvi, kwa kuwa ilishikwa kama amana na haikuwa imeingia mfukoni mwa muuzaji. Zile 2,400,000 ziliingia benki siku za mwisho za Januari, baada ya muuzaji kuuza ploti yake nyingine upande wa Njoro. Wakili wa benki ndipo akaachilia hati. Kama hati ile isingekuwa imeshikwa, sijui kwa kweli muuzaji angelipa lini.

Sasa turudi kwenye karatasi mbili.

Taarifa ilionyesha riba ya 65,000 kila mwezi kuanzia Juni hadi Januari, miezi minane, jumla 520,000. Ilionyesha pia "faini ya kuchelewa" ya 17,333 kwa miezi minne, jumla 69,332. Upande wa malipo, wanandoa walikuwa wamelipa Julai, Agosti na Septemba, 72,800 kila mara, jumla 218,400. Oktoba walisimamisha. Mkewe alisema, "Tulilipa kodi ya nyumba tunayokaa, tukalipa sacco, tukalipa na hii. Mshahara ukaisha tarehe tano." Toa 218,400 kwenye 589,332, unabaki na ile 370,932. Hesabu ya kujumlisha ilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa kile kilichojumlishwa.

Nilichukua kalamu nikauliza swali moja: asilimia 15 ya kiasi gani huzaa 65,000 kwa mwezi? Ni ya 5,200,000. Lakini pesa zilizotoka benki zilikuwa 2,400,000 tu. Zile nyingine 2,800,000 zilikwenda wapi?

Zilikuwa hazijaenda popote. Siku ya kulipa deni la muuzaji, mtambo wa benki uliufungua mkopo wote kwa mara moja, ukatoa 2,400,000, na 2,800,000 zilizobaki ukaziweka katika akaunti ya kusubiri, ambayo ni ya benki yenyewe, zingoje usajili. Wanunuzi hawakuweza kuzigusa. Muuzaji hakuzipata. Benki iliendelea kukaa nazo, na wakati huo huo ikawatoza wanandoa 35,000 kwa mwezi kwa ajili yake. Miezi minane, 280,000.

Hapa ndipo kesi nzima inapogawanyika, na naomba msomaji asipite haraka. Mkataba wa kununua nyumba na mkataba wa mkopo ni mikataba miwili. Wa kwanza ni kati ya mnunuzi na muuzaji, wa pili ni kati ya mnunuzi na benki. Kuvunjika kwa ule wa kwanza hakufuti ule wa pili. Benki haikuahidi kwamba nyumba itapatikana. Iliahidi kukopesha, na pesa zilipotoka kwa ruhusa ya mkopaji ikawa imetimiza sehemu yake. Kwa hiyo riba ya 2,400,000 ilidaiwa kihalali. Shilingi 240,000 zile zilikuwa deni la Mwalimu na mkewe kwa benki, hata kama kosa lilikuwa la mtu mwingine. Nilipomwambia hivyo, Mwalimu alinyamaza muda mrefu. Ni neno gumu kumwambia mtu aliyedanganywa. Lakini kumficha kungempeleka mahakamani akapoteze zaidi.

Ila hoja hiyo hiyo inaigeukia benki. Kama riba hufuata pesa iliyotoka, basi pesa isiyotoka haina riba. Nilimwomba Mwalimu asome kwa sauti kifungu cha riba katika barua ya ofa. Kilisema riba itahesabiwa kila siku juu ya salio la fedha zilizotolewa. Hakikusema "kiasi kilichoidhinishwa", wala "mkopo uliofunguliwa". Mkewe aliketi hapo ndipo kwa mara ya kwanza, akavuta barua akaisoma mwenyewe.

Kuna barua za ofa zilizoandikwa vinginevyo. Nyingine huweka ada ya kumwekea mkopaji pesa ambazo bado hajachukua, na ikiwa umeitia sahihi, utailipa. Yao haikuwa nayo. Ndiyo maana sipendi mtu ajibu swali hili kwa jumla kabla ya kuona barua yenyewe. Neno moja katika kifungu kile lilikuwa na thamani ya 280,000.

Faini nayo ilikuwa na shida yake. Kifungu kilisema nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka juu ya malipo yaliyochelewa. Benki iliitoza juu ya mkopo wote wa 5,200,000, ndiyo maana ikawa 17,333 kwa mwezi. Hata kama tungekubali kwamba malipo manne ya 72,800 yalichelewa kweli, faini ya miezi minne isingefika 2,500. Tofauti ya 2,500 na 69,332 si ya kukadiria.

Na je, malipo yalichelewa kweli? Hili ndilo lililonikera kuliko yote, kwa sababu katikati ya Januari benki ilikuwa imewaandikia kwamba mkopo umechelewa na kwamba baada ya siku 30 majina yao yangepelekwa CRB, ofisi inayotunza rekodi za wakopaji. Kwa nesi na mwalimu, watu wanaoishi kwa mkopo wa sacco, ada za watoto na mkopo wa dharura, kuingia CRB ni kufungiwa mlango. Tulihesabu upya. Mkopo wa 2,400,000 kwa masharti yale yale huhitaji malipo ya karibu 33,600 kwa mwezi. Julai hadi Januari ni miezi saba, 235,200. Wao walikuwa wamekwisha kulipa 218,400 kufikia Septemba. Maana yake walikuwa mbele ya ratiba Oktoba, mbele Novemba, mbele hata Desemba. Upungufu wa kwanza, wa 16,800, ulionekana mwisho wa Januari. Mkopo huhesabiwa kuwa mbovu ukichelewa siku 90. Wao hawakuwa wamechelewa hata siku 10. Walitishiwa CRB kwa sababu mtambo ulikuwa ukidai malipo ya pesa ambazo benki haikuzitoa.

Watu wawili walimshauri Mwalimu atumie ile kanuni ya riba kutozidi deni la msingi, iliyo katika kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki na inayotumika tangu Mei 2007. Ni kanuni nzuri, imeokoa mashamba ya watu. Lakini kazi yake ni kuweka kikomo kwa mkopo uliokwisha kuwa mbovu: riba isizidi deni lililokuwapo siku ulipoharibika. Kwa mkopo wa miezi minane, riba ya laki tano juu ya milioni tano haiko karibu na kikomo hicho. Kuitaja katika barua kungewapa watu wa benki nafasi ya kujibu hoja dhaifu na kuiacha ile yenye nguvu.

Barua ya malalamiko tuliyoandika ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Ilinukuu kifungu cha riba, ikaweka tarehe ya pesa kutoka, ikaonyesha hesabu mbili ubavu kwa ubavu, na ikaomba mambo matatu: riba ya 2,800,000 ifutwe, faini ifutwe, na notisi ya CRB iondolewe kwa maandishi. Benki Kuu ya Kenya, katika mwongozo wake wa kuwalinda wateja wa benki wa 2013, inataka benki ziwe na njia ya kupokea na kujibu malalamiko na kueleza tozo kwa lugha inayoeleweka. Tuliutaja mwongozo huo mara moja, bila vitisho. Jibu la kwanza, lililokuja baada ya siku nne, lilisema mkopo "ulifunguliwa wote Juni" na kwa hiyo riba ni halali. Tulijibu kwa sentensi moja: tuonyesheni 2,800,000 zilitoka lini, zikaingia akaunti ya nani. Wiki tatu baadaye 280,000 zikafutwa, faini ikafutwa, barua ya kuondoa notisi ikaja. Walibaki kudaiwa 21,600, yaani 240,000 kutoa 218,400, nao wakazilipa siku hiyo hiyo. Ukiipima riba siku kwa siku, na kuzingatia kwamba malipo makubwa ya mwanzo yalipunguza deni, wangedai kupunguziwa kidogo zaidi. Walichoka. Sikuwalaumu.

Ikabaki 240,000 za kumdai muuzaji.

Makubaliano yalikuwa na kifungu kirefu cha mnunuzi akishindwa: arbuni inapotea. Kwa muuzaji kushindwa, kulikuwa na mstari mmoja tu wa kurudisha arbuni. Riba ya mkopo haikutajwa. Makubaliano ya namna hiyo nimeyaona mara nyingi mno, na wanunuzi huyatia sahihi kwa kuwa wanaogopa nyumba itachukuliwa na mwingine. Kukaa kimya kwa mkataba hakumwachi mnunuzi mikono mitupu, lakini humlazimisha kupitia kanuni za jumla za fidia. Mahakama zetu hufuata kanuni iliyotokana na kesi ya Uingereza ya Hadley na Baxendale ya 1854, iliyohusu kinu cha kusaga nafaka kilichosimama kwa sababu mhimili uliovunjika ulicheleweshwa njiani. Kanuni yenyewe ni kwamba mvunja mkataba hulipa hasara inayotokana na uvunjaji huo kwa kawaida, na pia ile ambayo pande zote mbili zilijua, siku ya kukubaliana, kwamba inaweza kutokea.

Hapo tulikuwa na nguvu. Muuzaji hangeweza kusema hakujua kuhusu mkopo. Makubaliano yalisema bei italipwa kwa mkopo wa benki. Barua ya Juni ilisema pesa za mkopo huo huo zinalipa deni lake yeye. Tangu Juni, yeye ndiye aliyepumzika kulipa riba kwa benki yake, kwa sababu Mwalimu alikuwa akimlipia kwa benki nyingine. Sijaona hasara iliyo wazi zaidi ya hiyo mbele ya macho ya aliyeisababisha.

Wakili wa muuzaji hakubisha hilo. Alibisha muda. Alisema mdai fidia ana wajibu wa kupunguza hasara yake, na wanunuzi walijua kuhusu zuio katikati ya Agosti ila wakatoa notisi katikati ya Oktoba. Miezi hiyo miwili, 60,000, walijitakia. Kanuni aliyotaja ni ya kweli. Lakini katika miezi hiyo miwili muuzaji ndiye aliyekuwa akiwasihi wangoje, na jumbe zake zote Mwalimu alikuwa nazo kwenye simu. Maoni yangu yalikuwa kwamba tungezishinda zile 60,000. Wakili wetu aliona vivyo hivyo, akaongeza kwamba kuzipigania mahakamani kungechukua muda na ada kuliko thamani yake. Walikubali 180,000 kwa awamu mbili. Ada ya benki, 52,000, ya mthamini, 28,000, na riba ya sacco juu ya arbuni, iliyoanza na 6,500 mwezi wa kwanza ikawa inapungua, hawakuzipata. Arbuni ilikaa miezi minane katika akaunti isiyozaa kitu kwa sababu hakuna aliyeomba iwekwe penye faida. Wala punguzo la kodi kwa riba ya mkopo wa nyumba hawakustahili, kwa kuwa hutolewa kwa anayekaa katika nyumba hiyo.

Niongeze jambo moja kwa wanaonunua nje ya mji, Molo, Kitale au Bungoma, ambako nyumba huuzwa pamoja na shamba. Ardhi ya kilimo iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302. Idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi inatakiwa kuombwa ndani ya miezi sita, na ikikosekana mauzo huwa batili. Kifungu cha 7 kinaruhusu pesa zilizolipwa zirudishwe kama deni. Kinazungumzia pesa zilizolipwa. Fidia ya riba uliyolipa benki ni jambo jingine, na ni vigumu kumdai mtu fidia kwa kuvunja mkataba ambao sheria inasema haupo. Katika hali hiyo, benki ikitoa pesa kabla ya idhini ya bodi, riba yote inaweza kubaki mgongoni mwa mnunuzi. Nyumba ya Kiamunyi ilikuwa ploti ya makazi. Ingekuwa shamba, sidhani kama 180,000 zingepatikana.

Nimeulizwa wangefanya nini tofauti. Mambo mengi ni rahisi kusema baadaye. Lakini siku zuio lilipoonekana, ilitakiwa barua mbili ziandikwe jioni hiyo hiyo: moja kwa benki, kuiagiza isitoe tena pesa yoyote na ithibitishe kwa maandishi kiasi kinachotozwa riba, nyingine kwa muuzaji, kumwambia kwamba kila mwezi wa kungoja ni 30,000 na ni juu yake. Barua ya pili ingemnyamazisha wakili wa muuzaji kuhusu zile 60,000. Na kabla ya yote, kabla ya kuruhusu pesa kutoka Juni, mtu angefika Kiamunyi siku ya Jumapili akauliza majirani nani aliishi pale. Majirani walijua. Mama wa duka la mkabala alimtaja mke wa muuzaji kwa jina, siku Mwalimu alipokwenda, lakini alikwenda Novemba.

Awamu ya pili ya 180,000 iliingia Mei, wakaipeleka sacco. Julai walirudi ofisini na makubaliano mapya, ya nyumba ya Lanet, pamoja na barua ya ofa kutoka benki nyingine. Mkewe alikuwa ameisoma usiku kazini, na kifungu cha riba alikuwa amekipigia mstari kwa kalamu nyekundu. "Mzee," akaniambia, "hapa wameandika riba ni juu ya mkopo uliofunguliwa. Si waandike pesa zilizotoka?" Nilimpigia wakili simu akiwa bado amesimama pale.